Krismasi ya mkulima hupangwa Julai, si Desemba

WIKI moja kabla ya Krismasi, mji mdogo wa Mlowo wilayani Mbozi hujaa watu. Mabasi yaendayo Tunduma hushusha wageni na mabegi yao kando ya barabara kuu, wauza nguo za watoto hutandika turubai mpaka karibu na lami, na bei ya kuku aliyeuzwa kwa bei ya kawaida mwezi uliopita hupanda kila kukicha. Wazazi huzunguka na watoto wakipima viatu. Kila duka lina foleni.

Wiki hiyo hiyo, kilomita chache nje ya mji, mahindi yaliyopandwa kwa mvua za kwanza yanaelekea kufika magotini. Muda si mrefu yatahitaji mbolea ya kukuzia. Muda si mrefu pia shule zitafunguliwa, na kila mtoto atadai sare, madaftari na nauli.

Mambo haya matatu, yaani sikukuu, mbolea na shule, huangukia ndani ya wiki nne au tano tu. Nayo yote huutazama mfuko mmoja wa mkulima, mfuko ambao kwa wengi ulishaanza kutoboka tangu Septemba. Matokeo yake ni kwamba kimojawapo hukosa fedha. Mara nyingi kinachokosa ni kile kisicholia wala kudai, nacho ni shamba.

Fedha huingia mara moja, hutoka mwaka mzima

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ikiwamo Songwe, Mbeya, Rukwa, Njombe na Ruvuma, hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili au mapema Mei. Mahindi huvunwa kuanzia Mei hadi Agosti. Hii ina maana kwamba mkulima anayetegemea mahindi hupokea karibu mapato yake yote ndani ya miezi mitatu, halafu huishi kwa mapato hayo miezi tisa inayofuata.

Mfanyakazi wa mshahara akikosea hesabu ya Desemba, mwisho wa Januari atapata mshahara mwingine. Mkulima akikosea hesabu hiyo hiyo, atasubiri hadi Juni. Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa kuweka kidogo kidogo kila mwezi haumfai sana mkulima wa mahindi. Yeye hana cha kuweka kila mwezi. Anacho cha kuweka mara moja tu kwa mwaka, nacho anakipata Julai.

Tatizo ni kwamba Julai hadi Septemba ndicho pia kipindi cha matumizi mengine. Barabara ni kavu na chakula kipo, hivyo harusi, kipaimara na sherehe za ukoo hupangwa wakati huo. Kadi za michango hufika nyumbani mfululizo. Wanaokuja na mahitaji yao Agosti huhudumiwa wote, na Krismasi, ambayo tarehe yake inajulikana tangu zama za mababu, hufika kana kwamba ni dharura.

Sikukuu inayoliwa shambani

Mkulima ambaye hakujiandaa huwa na njia tatu za kupata fedha ya sikukuu, na zote tatu ni ghali.

Njia ya kwanza ni kuchukua fedha ya mbolea ya kukuzia. Mahindi hupewa mbolea hii wiki ya nne hadi ya sita baada ya kupandwa. Aliyepanda tarehe 1 Desemba anatakiwa kuiweka kati ya mwisho wa Desemba na katikati ya Januari, yaani mara tu sikukuu zinapokwisha. Kwa hiyo Krismasi inapofika, fedha ya Urea huwa bado ipo mkononi, au mfuko wenyewe umeegemezwa ukutani, na ni rahisi kujidanganya kwamba itarudishwa.

Hesabu yake ni hii. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Mahali ambapo mvua, mbegu na palizi vimekwenda vizuri, kilo moja ya naitrojeni inaweza kuongeza mahindi kwa kilo 10 hadi 20. Mfuko mmoja usiowekwa shambani, basi, unaweza kupunguza mavuno kwa kilo 230 hadi 460. Hayo ni magunia mawili hadi manne na nusu ya kilo 100. Baba aliyewavalisha watoto wake kwa fedha ya mfuko mmoja wa Urea ameshona nguo hizo kwa magunia hayo.

Mpango wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/2023 ulimpunguzia mkulima bei. Hata hivyo, ulimtaka afike kwa wakala akiwa na fedha taslimu. Namba ya ruzuku bila fedha haikutoa mfuko dukani.

Njia ya pili ni kuuza mazao yangali shambani. Mkoani Kagera biashara hiyo ya kununua kahawa ikiwa bado mtini hujulikana kama butura, na viongozi wa ushirika na serikali wameipiga vita kwa miaka mingi. Katika maeneo ya mahindi hufanyika kimyakimya: mkulima hupokea fedha Desemba na kuahidi magunia Juni, kwa bei ambayo mwenye fedha ndiye anayeitaja.

Njia ya tatu ni mkopo wa mitaani, ule ambao watu wameubatiza jina la kausha damu. Mtu anayekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akashindwa kulipa mpaka avune baada ya miezi sita, atatakiwa kurudisha 220,000 hata kama riba haikuzaa riba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Kabla ya kuweka sahihi au kukabidhi kitambulisho, mkopaji ana haki ya kuomba kuiona.

Hesabu ya familia moja

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi hesabu inavyoweza kufanywa Julai. Bei zilizotumika ni za kufundishia tu. Kila familia iweke bei za eneo lake na za mwaka wake.

Familia ya watu sita imelima ekari tatu za mahindi na kuvuna magunia 45. Jambo la kwanza ni chakula. Magunia 10 yanawekwa kando na hayaguswi mpaka mavuno mengine. Yanabaki magunia 35. Kwa bei ya shilingi 50,000 kwa gunia, thamani yake ni shilingi 1,750,000.

Jambo la pili ni msimu ujao. Kwa ekari tatu zinahitajika kilo 30 za mbegu kwa shilingi 210,000, mifuko mitatu ya mbolea ya kupandia kwa 210,000, mifuko mitatu ya Urea kwa 210,000 na kulimisha kwa 180,000. Jumla ni 810,000.

Jambo la tatu ni shule. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na nauli bado ni vya mzazi. Familia hii imetenga 250,000. Aidha, imetenga 150,000 kwa ajili ya ugonjwa na dharura nyingine, na 200,000 za kulipa vibarua, magunia matupu na usafiri wa mavuno.

Hadi hapo zimetengwa 1,410,000. Kilichobaki ni 340,000, na ndani ya hiyo ndimo iliko sikukuu.

Sasa iandikwe orodha ya sikukuu yenyewe. Nguo za watoto wanne kwa 20,000 kila mmoja ni 80,000. Kilo 10 za mchele ni 25,000, kilo tatu za nyama ni 30,000, lita tatu za mafuta ni 15,000. Unga wa ngano, sukari na soda ni 20,000. Sadaka na nauli ya kwenda kuwasalimia wazee ni 20,000. Jumla ni 190,000.

Zinasalia 150,000 za sabuni, chumvi na mahitaji madogo, ambazo lazima ziongezewe nguvu na maharage, mboga na kuku. Michango ya harusi nayo itoke humo. Familia inayoona karatasi hii Julai inajua mapema kwamba kila kadi ya mchango ya shilingi 30,000 ni sawa na nyama yote ya Krismasi. Haizuiwi kuchangia. Inachangia ikijua inatoa nini.

Wapi pa kuiweka

Fedha ya sikukuu inayokaa pamoja na fedha nyingine hutumika kabla ya wakati. Inafaa iwe mahali pake, na ikiwezekana isiwe yote mahali pamoja.

Mahali pa kwanza ni ghalani. Familia iliyotajwa hapo juu inaweza kutenga magunia manne kwa ajili ya sikukuu badala ya kuyauza Julai. Kwa bei ya 50,000 yana thamani ya 200,000. Bei ikipanda Desemba kufikia 65,000, magunia matatu tu yatatoa 195,000, na gunia la nne litabaki kuwa faida.

Hata hivyo, bei haina mkataba na mtu. Mwaka 2017 serikali ilipozuia kuuza mahindi nje ya nchi, wakulima wengi waliohifadhi kwa matumaini walijikuta na ghala lililojaa na bei iliyoshuka. Kwa hiyo ni busara nusu ya fedha ya sikukuu iwe mahindi na nusu iwe fedha.

Mahindi ya kuhifadhi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13 au 13.5, yasafishwe, kisha yafungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa au yawekwe dawa iliyopendekezwa na bwana shamba. Dumuzi, ambaye baadhi ya wakulima humwita skania, anaweza kugeuza gunia kuwa unga kabla Desemba haijafika. Mahindi yaliyowekwa na unyevu nayo huota ukungu unaoleta sumukuvu. Wakati wa kuuza, gunia lipimwe kwa mizani. Lumbesa huondoa kilo nyingi bila kuziongezea senti.

Mahali pa pili ni akaunti ya benki, SACCOS au huduma ya akiba ya simu ambayo haitoi fedha kwa urahisi. Fedha iliyo kwenye salio la kawaida la simu hutoka kwa kubonyeza mara chache, na kila inapotoka huacha makato. Mahali pa tatu, na ambapo wakulima wengi wamepazoea, ni kikundi.

Kikundi kigawane lini?

Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopeshana ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, nao umeenea Tanzania kwa majina mbalimbali, likiwamo la VICOBA. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba ndogo, na fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake huwa kwa watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko, akiba na faida hugawanywa.

Vikundi vingi hugawana Desemba, kwa sababu wanachama wanataka fedha ya sikukuu. Kwa mfanyabiashara jambo hilo si baya. Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini lina kasoro mbili. Kwanza, mbegu na mbolea ya kupandia vinahitajika Novemba, na mgao wa katikati ya Desemba huwa umechelewa. Pili, mikopo yote lazima irudishwe kabla ya kugawana. Mwanachama mwenye deni hulazimika kutafuta fedha Novemba, wakati ghala linapungua na shamba linadai.

Dawa yake si kuacha kikundi. Wanachama wanaweza kukubaliana mambo matatu katika katiba yao: mikopo mikubwa isitolewe baada ya Agosti, mgao mkuu ufanyike Oktoba au mwanzoni mwa Novemba ili kila mtu anunue pembejeo, na uwepo mfuko mdogo wa sikukuu unaofunguliwa wiki ya pili ya Desemba tu. Siku ya mgao isitangazwe barabarani, na kiasi kikubwa kilipwe kwa benki au simu, kwani wezi nao wanajua kalenda.

Wapo pia wanaochangia ng'ombe. Watu 20 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi kwa miezi 10 hupata shilingi 1,000,000. Wakinunua fahali mapema, kabla bei haijapanda, na akatoa kilo 120 za nyama, kila mmoja huondoka na kilo sita kwa shilingi 50,000. Ni nyama ya sikukuu iliyokwisha kulipiwa.

Nunua mapema, fuga mapema

Vitu vya sikukuu havina ulazima wa kununuliwa Desemba. Mpunga wa Kyela na Usangu huvunwa katikati ya mwaka, na wakati huo bei huwa nafuu. Gunia la mpunga lililonunuliwa Julai na kuhifadhiwa pakavu linaweza kukobolewa wiki ya Krismasi. Nguo za watoto zinaweza kununuliwa Oktoba, zikiwa kubwa kidogo, kwa sababu mtoto hukua.

Kuku ndio akiba ya karibu zaidi. Yai huatamiwa siku 21, na kuku wa kienyeji hufikia umri wa kuuzwa baada ya miezi mitano hadi sita. Mtetea aliyelalia mayai mwanzoni mwa Juni atakuwa na vifaranga kabla ya mwezi kwisha, na vifaranga hao watakuwa kuku wa Krismasi. Kinachowakatisha ni kideri, ambacho huwa kikali hasa miezi ya kiangazi. Chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu hulinda banda lote kwa gharama ndogo kuliko bei ya jogoo mmoja.

Mauzo si faida

Kwa mfanyabiashara mdogo kalenda imegeuka: Desemba ndiyo mavuno yake. Hatari yake ni kuyadhania mauzo yote kuwa mapato.

Mfano ni mama anayeuza nguo za watoto. Amenunua mzigo wa shilingi 600,000 na kuuuza wote kwa 780,000. Ametumia 60,000 kwa usafiri, ushuru na pango. Faida yake halisi ni 120,000, na sikukuu ya nyumbani kwake itoke ndani ya hiyo. Akitumia 300,000 kwa sababu ameona mkoba umejaa, atabaki na 420,000. Amekula mtaji wa shilingi 180,000, na Januari hatakuwa na nguvu ya kujaza meza.

Wanaoivuka Januari salama hufanya mambo machache. Huagiza mzigo wa sikukuu mapema Novemba, kabla wauzaji wa jumla hawajapandisha bei. Hupunguza bei ya kilichobaki kabla ya tarehe 31, kwa kuwa gauni la sikukuu likilala mpaka Februari limeshika mtaji. Hufunga daftari la madeni mwanzoni mwa Desemba, maana mkulima anayekopa nguo wakati huo huenda asilipe kabla ya Juni. Na fedha inayoingia baada ya Krismasi huigeuza haraka kuwa sare, madaftari na viatu vyeusi, bidhaa ambazo wiki ya kufungua shule hazibembelezi mnunuzi.

Kwa wanaosherehekea Idd

Hesabu ya Idd ina ugumu wake, kwa kuwa hufuata mwezi mwandamo na kurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2023 Idd el Fitri ilikuwa Aprili 22. Mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi. Kwa mkulima wa msimu mmoja, Machi ni mwezi mgumu kuliko Desemba: akiba ya chakula imekwisha na mahindi bado hayajakomaa. Magunia ya Idd, kwa hiyo, yanahitaji kuhifadhiwa vizuri na kwa muda mrefu zaidi.

Kikao cha Julai

Hesabu hizi zote zinahitaji daftari la shilingi mia chache na jioni moja. Kinachoshinda familia nyingi si hesabu bali kikao. Mahindi yanauzwa na baba, fedha inajulikana na baba, na mama huulizwa Desemba kwa nini mchele haupo. Familia ambamo baba, mama na watoto wakubwa wamekaa Julai na kuandika pamoja orodha hiyo hupata faida nyingine: hakuna anayeweza kulitoa gunia la sikukuu kimyakimya, na hakuna mtoto anayedai viatu vya bei ambayo anajua haipo.

Wageni kutoka mjini nao waambiwe mapema. Kijana anayekuja likizo akijulishwa Oktoba kwamba familia ina mchele na kuku lakini inahitaji mfuko mmoja wa Urea, huenda akauleta badala ya kreti za soda.

Akiba haiozi, walisema wahenga, ingawa waliohifadhi mahindi mabichi wanajua kwamba nayo yaweza kuoza isipotunzwa. Sikukuu njema ni ile ambayo, ikifika katikati ya Januari, watoto wamevaa sare, na mbolea ya kukuzia iko ardhini.